Jibu Tupu la Mjomba

4 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika, na niliigeuzageuza mkononi kabla ya kuifungua. Mtu aliyetangaza mpira redioni maisha yake yote, ambaye akipiga simu tunaiweka mbali na sikio tusije tukawa viziwi, leo anaandika barua na kubandika stempu? Mama naye kaisoma, kanirudishia, kisha akasema nikuulize simu yako ina nini, maana kila akipiga anapokea mkazamjomba na kumwambia unaoga. Mjomba, siku hizi unaoga sana.

Sisi hatujambo. Goti la Mama limepata ahueni. Sasa anapanda ngazi huku akilalamika, badala ya kulalamika akiwa amekaa.

Uliuliza kazi yangu mpya ni kazi gani hasa, kwa kuwa Mama alikwambia nafundisha mashine kusoma. Hakukosea sana. Niko benki ya damu. Chumba chetu kipo ghorofa ya chini, kimepakana na majokofu, kwa hiyo tunafanya kazi tumevaa sweta na mvumo wa mitambo hauishi. Taarifa za wachangiaji wote wa damu zimo kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Zamani daktari akihitaji damu ya aina adimu, karani alikaa na simu akipekua majina mpaka shingo inakakamaa. Sasa wameleta mawakala wa akili mnemba. Hizo ni programu zinazopokea ombi la daktari kwa maneno ya kawaida, kisha zenyewe zinachagua zana ya kutumia kwenye hifadhidata: hii ya kutafuta mchangiaji, ile ya kuangalia akiba, nyingine ya kutuma ujumbe. Mhandisi wetu ndiye aliyezitengeneza. Mimi naandika maelezo ya kila zana, inafanya nini, inataka kupewa nini na inarudisha nini. Wakala anategemea maelezo hayo tu.

Nilidhani nitaifanya kwa mkono mmoja, maana nimeandika maelekezo ya pampu za maji kwa miaka. Wiki iliyopita tukafanya jaribio. Mgonjwa alikuwa wa kubuni, damu yake adimu, na sisi tulijua mchangiaji wake yupo kwenye hifadhidata. Wakala akatumia zana ya kutafuta, akarudi na jibu kwamba hakuna mchangiaji. Hakusita hata kidogo. Kumbe zana ile inatafuta kwenye kituo kimoja tu usipoitajia vingine, na mimi sikuliandika hilo mahali popote. Angekuwa mgonjwa wa kweli, daktari angeamini.

Mkuu wetu wa kazi hakugomba, na hiyo ilinichoma zaidi. Alisema yamebaki majaribio mawili. Yakienda mrama, mawakala wataondolewa, karani atarudi kwenye simu zake, na wagonjwa wa damu adimu watarudi kusubiri. Sitaki wasubiri kwa sababu ya sentensi ambayo mimi sikuiandika. Nitaiweza kazi hii, usiwe na wasiwasi. Ila wewe uliyewasimulia mpira watu wasiouona, niambie, ulikuwa unaanzia wapi?

Na simu je?

Mpwa wako,
Chiriku


21 Machi

Kwako Chiriku, mpwa wangu usiyenyamaza,

Marahaba. Hapa wote wazima. Mkazamjomba wako amepaka ukuta wa sebule rangi anayosema ni ya maziwa na mimi naiona ya manjano, tumekubaliana tusizungumze. Mwambie dada yangu goti halitaki huruma, linataka mazoezi. Alikuwa mvivu tangu utoto. Tukicheza kuruka kamba, yeye alikuwa hodari wa kushika kamba.

Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Haya, tuendelee na kazi yako.

Pampu ndizo zilizokuponza. Anayesoma maelekezo ya pampu ana pampu mbele yake. Ukisahau kumwambia mpini uko upande gani, anatazama. Huyo wakala wako hana pampu. Huyo ni msikilizaji wa redio, hana uwanja mwingine zaidi ya mdomo wako. Vijana waliokuja kujifunza kwangu walipenda kupaza sauti, "Hatari, hatari," na mimi nilikuwa nawauliza hatari kwa nani, kwenye lango lipi? Walikuwa wanaona uwanja, wakasahau kwamba mwenzao yuko jikoni anamenya viazi. Kabla ya kupandisha sauti nilitaja kwanza nani ana mpira, yuko wapi na anaelekea wapi. Baada ya hapo nilikuwa na ruhusa ya kupiga kelele nitakavyo.

Basi kila zana ifanyie hivyo. Anza na inafanya nini, kwa sentensi moja ambayo hata mimi nisiyejua benki yenu ningeielewa. Halafu sema inatazama wapi na haitazami wapi. Hili la haitazami ndilo lililokuangusha. Watu hawakumbuki kulisema kwa sababu wao wenyewe wanalijua. Mwisho weka mfano wa ombi zima na jibu lake zima. Wala usimwogope mhandisi. Wahandisi na washambuliaji tabia yao moja, wanadhani kila mtu aliwaona walivyofunga.

Utaiweza. Sikukuita Chiriku bure.

Mjomba wako


12 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa mkazamjomba. Mama naye anakusalimu, pamoja na maneno mengine kuhusu nani hasa alikuwa akishika kamba, ambayo kwa heshima yako siyaandiki. Anasema pia kwamba simu ikilowa mtu hununua nyingine.

Ushauri wako niliufuata, tena niliufuata mpaka nikapitiliza. Niliandika maelezo ya zana zote upya, inatazama wapi, haitazami wapi, mfano huu na mfano ule. Nikanogewa. Kurasa zikawa nene, na mimi nikajiona mtangazaji. Sasa, mchangiaji akishatoa damu hana budi apumzike kwa muda kabla ya kutoa tena. Katika kulieleza hilo nikaandika, kwa raha zangu, kwamba asiyemaliza mapumziko yake "ameotea", hata awe karibu na hospitali kiasi gani hahesabiwi. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Jaribio la pili likaja. Wakala akatazama vituo vyote bila kosa, kisha akamwandikia daktari wa zamu: "Wachangiaji waliopo wameotea."

Daktari aliteremka ngazi mwenyewe akaja kuuliza tunatazama mechi gani. Mhandisi alicheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nilicheka, halafu nikaenda kusimama kwenye korido karibu na majokofu, nikalia kidogo, nikarudi. Limebaki jaribio moja.

Nimejifunza kwamba wakala hatanii. Ninachokiandika anakichukua kilivyo na kumpelekea mtu anayekisubiri. Kwa hiyo nimefuta mapambo yote, na kila zana sasa ina ukurasa wake mmoja. Panapotakiwa tarehe nimeonyesha jinsi inavyoandikwa. Kuna zana mbili zinazofanana, moja inaangalia damu iliyo kwenye majokofu na nyingine inaangalia watu wanaoweza kuitoa, nikaandika lini utumie hii na lini uiache ushike ile. Sikujua kufuta kunaweza kumfurahisha mtu hivi. Najiamini kuliko mwezi uliopita, pamoja na aibu yote.

Lipo jambo moja tu linanisumbua. Zana ya kutafuta inarudisha orodha ya majina, na mara nyingine orodha inarudi tupu. Nilimuuliza Mhandisi tupu maana yake nini. Akasema tupu ni tupu. Sikuridhika, nikaona nikuulize wewe.

Umeshanunua simu?

Chiriku


9 Mei

Kwako Chiriku,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Habari ya wachangiaji kuotea nimeicheka kwa namna yangu mpaka mkazamjomba wako akaniletea maji. Nilikufundisha utangazaji nikasahau kukuonya kwamba wasikilizaji wangu walicheza mpira utotoni. Wakala wako hajawahi kupiga hata danadana.

Sasa huyo Mhandisi na tupu yake. Kulikuwa na mechi moja ya jioni, sare ya bila bao, taa za uwanja zikazimika zote. Mtangazaji wa kituo kingine, aliyekaa kiti cha jirani, akanyamaza akisubiri ziwake. Wasikilizaji wake wakadhani mpira umekwisha, wakafunga redio, wakaenda zao. Taa ziliporudi bao likafungwa, na yeye akalitangazia hewa. Mimi nilisema: taa zimezimika, sioni mpira, matokeo yako palepale tulipoyaacha, nitakuambia nikiona. Nililirudia hilo kwa maneno tofauti mpaka zikawaka, na hakuna aliyenikimbia.

Mwambie kuna tupu ya uwanja usio na bao, na kuna tupu ya mtangazaji aliyezimikiwa taa. Ukimpa msikilizaji hizo mbili kwa sura moja, umemdanganya bila kusema uongo.

Mwandiko umeharibika, kiti cha hapa hakina meza. Sote wazima.

Mjomba


27 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila amepoa siku hizi. Nitakuja kwenye sababu yake.

Nilimsomea Mhandisi habari ya taa. Alijikuna kidevu, kisha akaniambia jambo ambalo miezi yote hii hakuniambia kwa kuwa alidhani najua. Mtandao wa kwenda vituo vya mbali hukatika. Ukikatika, zana inarudisha orodha tupu, sawasawa na ile inayorudi pale mtu alipotafutwa kweli akakosekana. Nilimwambia hapo maneno yangu yamefika mwisho. Siwezi kueleza kitu ambacho zana yenyewe haikisemi. Akasema nimempa kazi ya wiki nzima. Nikamwambia aianze. Alinuna, lakini aliianza, na nampa heshima yake, ameifanya vizuri.

Sasa zana inajibu kwa njia tatu. Nimetafuta kote, sikupata. Nimetafuta nusu, vituo hivi havikufikika. Sikuweza kutafuta. Na mimi chini ya kila jibu nimeandika wakala afanye nini. Kwa la kwanza amwambie daktari hakuna, na ataje alikotafuta. Kwa la pili atoe alichopata, ataje asikofika, ajaribu tena. Kwa la tatu ni marufuku kusema hakuna. Aseme haijulikani, kisha amwite karani. Jaribio la mwisho ni wiki ijayo, na safari hii siogopi.

Sasa wewe, Mjomba. Nimeshinda nikisoma majibu matupu, na jana nikazitoa barua zako nikazisoma kwa jicho hilohilo. Kila mara nimeuliza habari ya simu. Umenijibu mambo ya ukuta, kamba na pampu, yote kwa ufundi, na la simu umelijibu kwa ndoo, kisha hukulijibu kabisa. Kiti cha hapa hakina meza. Hapa wapi? Kwenu kuna meza kila chumba, nilikuwa nikijigonga nazo utotoni. Mama amekuwa akiisoma barua hiyo ya mwisho na kuikunja, kuisoma na kuikunja. Unatupiga chenga, na mwenye sauti kama yako haachi simu kwa ajili ya ndoo.

Nakuuliza kama ninavyomuuliza Mhandisi. Ni ipi kati ya tatu? Huna neno, umesema nusu, au huwezi kusema?

Chiriku


30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Tumefaulu. Siku ya jaribio mtandao wa vituo vyote, vya mbali na vya karibu, ulikatika wenyewe, hakuna aliyeupangia. Mhandisi alishika kichwa. Wakala akaandika: "Sikuweza kutafuta. Haijulikani kama mchangiaji yupo. Nimemwita karani." Karani alipiga simu kwenye kituo na mchangiaji akapatikana kabla chai haijapoa. Yule daktari wa mechi aliteremka tena, akasema safari hii ameelewa, akapanda. Mawakala wanabaki, kazi yangu inabaki, na Mkuu ameagiza zana za maabara nazo ziandikwe kwa mtindo huu.

Hukunijibu. Nina hasira na wewe na ninakuogopea, vyote kwa pamoja, na vinanichosha. Mama ananiuliza kama unaumwa. Sijamwambia ndiyo wala hapana. Nimemwambia haijulikani.

Chiriku


14 Julai

Chiriku,

Ni ya tatu.

Sauti ilianza kukwama mwaka jana. Nilidhani mafua, nikameza dawa ya mafua. Baadaye daktari akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Hapa ni benchi la hospitali, nje ya chumba cha matibabu ya koo. Barua zote umezipata kutoka benchi hili, isipokuwa ile ya ukuta. Wameshanipasua mara moja, na watanipasua tena mwezi ujao. Wamepima, wamesema si uvimbe wa kuua, kwa hiyo mama yako asianze kuvaa nguo nyeusi. Lakini sauti inaweza isirudi. Hilo wamelisema wakinitazama usoni.

Kwa sasa nasikika kama bawaba kavu. Niliogopa, mpwa wangu. Niliogopa mkinisikia hivi kwenye simu, mtaisahau ile nyingine. Mkazamjomba wako alishachoka kusema naoga, na alinionya kwamba wewe ndiye utakayenikamata. Nimekupa hotuba nzima ya taa kuzimika, na mwenyewe nimekaa gizani nimefumba mdomo. Ilipokuja barua yako ya Mei niliirudisha kwenye bahasha. Ya Juni sikuweza, kwa ajili ya lile neno uliloniambia umemwambia dada yangu.

Mwambie wewe, kwa upole unaoujua. Mimi siwezi kuliandika hili mara mbili.

Na hongera. Nimemsomea mkazamjomba jibu la wakala kwa mnong'ono, akalia yeye, na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Mjomba wako


1 Agosti

Kwako Mjomba wangu,

Shikamoo, na asante. Nimemwambia Mama. Alilia, akakasirika, akafunga mzigo. Anakuja na goti lake, msimzuie. Anasema atakaa mpaka ushone mdomo au uufungue, yeye vyote sawa.

Sikiliza. Mkazamjomba anayo simu yake, haijawahi kuona ndoo. Jumapili baada ya upasuaji nitaipiga alasiri, wakati wa mechi. Hutasema kitu. Nitakutangazia mimi. Nimekuandikia maelezo yake, na hayana pambo hata moja:

Ukisikia, gonga simu kwa ukucha mara moja. Ukitaka nirudie, gonga mara mbili. Ukichoka, gonga mara tatu, nitakata bila kununa. Usipogonga, nitajua mtandao umekatika au umelala, na nitapiga tena. Sitadhani kamwe kwamba hupo.

Hatuwezi kuisahau ile sauti, Mjomba. Wewe mwenyewe hujui ilivyokuwa inapita kwenye kuta. Ila hata ikibaki bawaba, ni bawaba yetu.

Chiriku


20 Septemba

Kwako Chiriku,

Marahaba. Mama yako amekamata nyumba. Amehamisha viti, ameungana na mkazamjomba kwamba ukuta ni rangi ya maziwa, na mimi sina mdomo wa kujitetea. Mazoezi ya goti anayafanya kwenye ngazi yetu. Nampigia makofi.

Utangazaji wako ni mbaya, nakwambia kwa mapenzi. Jumapili zote hizi unapiga kelele za hatari bila kutaja lango, ndiyo maana ukucha wangu uligonga mbilimbili mpaka ukauma. Lakini Jumapili ya juzi, yule mchezaji mkongwe alipopiga mpira wa faulo, ulisema kwanza mpira uko wapi, ukuta wa mabeki umesimama wapi, yeye anatazama wapi, ndipo ukapaza sauti. Nikauona. Nilifumba macho nikauona mpira ukiingia. Niligonga mara moja, labda hukusikia kwa kelele zako mwenyewe.

Daktari ameniruhusu nijaribu sauti kidogo kila asubuhi. Jana nilisimama mbele ya ukuta ule, nikajaza kifua, nikajaribu kusema manjano. Ikatoka hewa. Mama yako alikuwa mlangoni, akaona, akaenda kuchukua karatasi awaandikie ndugu wote kwamba sauti ya kaka yake imekwenda, wamwombee. Nikamnyang'anya kalamu.

Waandikie wewe, kwa kuwa ndiyo kazi yako na unaijua. Waambie nimetafuta nusu. Waambie kuna mahali bado sijafika, na kwamba natafuta tena kesho asubuhi. Hakuna, hilo neno usimruhusu mtu aliandike.

Jumapili piga. Nitagonga.

Mjomba wako